Mashine Iliyopima Mkono wa Bhoke

Mwezi uliopita bodaboda ilinibwaga pale Sirari, karibu na yanaposimama malori, nikaangukia mkono. Hospitali wakanipeleka chumba cha picha. Kijana wa pale, mpole kweli, akauweka mkono wangu juu ya bamba baridi, akanyoosha kidole kimoja kimoja, akasema, "Usitikisike, mama." Alipomaliza akaiinua picha kwenye mwanga, akanibana kidogo hapa kwenye kiganja kwa kidole gumba, akatabasamu. "Ufa mdogo tu. Mifupa yako imekomaa vizuri, itaunga." Nikaangua kilio. Yaani kilio, mpaka yule kijana akatoka mbio kumwita nesi. Nesi akaniuliza kama maumivu yamezidi, nikamwambia ndiyo, kwa sababu ningemweleza nini? Kulikuwa na foleni mlangoni.

Wewe uliyekua pamoja nami kule Machochwe huenda umeshaelewa. Wengine nitawasimulia taratibu, na mnivumilie nikikasirika katikati, maana hasira hiyo ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na sijaona mahali pa kuitua.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho mwisho kabla ya pori la hifadhi. Ukisimama nyuma ya choo unaona miti ya miiba, na nyuma ya ile miti ni tembo, nyani, na kila kitu kinachopenda kula jasho la mtu. Bhoke alikuwa dada yangu, mtoto wa kwanza wa Mama. Mimi, Ghati, ndiye wa mwisho, na katikati yetu walikuwepo wawili ambao hawakukaa. Baba alikuwa machimboni, tunamwona Krismasi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake wanne: Bibi Wankuru, mama yake Baba, Mama, Bhoke, na mimi.

Bhoke alicheza mpira tangu sijui lini. Uwanja wa shule ulikuwa na magoli ya miti isiyonyooka, na asubuhi ya mechi kazi ya kwanza ilikuwa kuzoa mavi ya tembo. Bhoke alikuwa akiyabeba kwa mikono yake, bado ya moto, ananitupia mimi, mimi napiga mayowe, watu wote wanacheka. Halafu mpira ukianza, hakuna wa kucheka tena. Alikuwa winga wa kushoto. Akishika mpira pembeni unasikia uwanja mzima unavuta pumzi. Mabeki walikuwa wavulana, wengine wanachunga ng'ombe thelathini peke yao, na aliwapita kana kwamba wamechomekwa ardhini. Bibi alipita njiani siku moja akasimama kumtazama mpaka mwisho, mkono kiunoni. "Msagane anakimbiza upepo," akasema. Msagane kwetu ni msichana ambaye bado hajakeketwa, na ukilisikia linavyotamkwa unajua si jina la kumpa mtu anayeheshimiwa.

Lazima niseme hapa jinsi watu wetu walivyohesabu umri, maana ndiyo kesi yenyewe. Hakuna aliyeuliza mtoto ana miaka mingapi. Waliuliza ameingia saro ipi, yaani ametahiriwa msimu gani, na wote wa msimu mmoja ni rika moja mpaka kaburini. Msimu wenyewe huja mwezi wa kumi na mbili, mwaka mmoja unakuja, mwaka unaofuata unapumzika. Kama hujaingia, wewe ni mtoto, hata uote ndevu. Ukiingia, wewe ni mtu mzima, hata kama bado unakojoa kitandani. Kadi ya kliniki ya Bhoke ililiwa na mchwa. Cheti chake cha kuzaliwa kilitafutwa baadaye sana, timu ya mkoa ilipokitaka, na Mama alimwambia karani kwamba mtoto alizaliwa mwaka mto ulipofurika. Karani akaandika mwaka aliouona yeye unafaa.

Mimi nilikuwa naisubiri saro kuliko Krismasi. Sioni haya kusema. Mwaka ule ulikuwa wa msimu, na Bibi alikuwa ameshajiandaa kwa ajili ya Bhoke: mbuzi mwenye kidevu cheupe, gunia la ulezi wa pombe, kanga doti mbili, na mwavuli. Huo mwavuli jamani! Mwekundu, una maua meupe pembeni, bado kwenye nailoni yake, umechomekwa darini juu ya kitanda cha Bibi. Wasichana wa saro hurudishwa nyumbani chini ya mwavuli, wanatembea polepole kama maharusi, watu wanapuliza filimbi na kucheza mbele yao. Nilijua kuna kisu. Nilikijua kama unavyojua kwamba watu hufa: ni habari ya wengine. Mimi nilichokiona ni mwavuli.

Siku moja mchana Mwalimu Magesa, aliyefundisha hesabu na timu ya mpira, akaja na fomu mkononi. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake na ugoro wake. Mama alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua tena? Juzi ulimpeleka Musoma akarudi amekonda."

"Safari hii ni mbali, Bibi. Timu ya taifa ya wasichana imemwona. Ataingia kambini Dar es Salaam, kisha wanapanda ndege. Ni mashindano ya mataifa mengi, wasichana watupu, wote chini ya miaka kumi na saba. Watarudi mwezi wa kwanza."

Bhoke alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameshika bawaba. Niliona vidole vyake tu.

Bibi hakuwa mjinga, na asije mtu akakudanganya kwamba alikuwa mjinga. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akauliza, "Hiyo miaka wanaihesabuje? Watu si hudanganya?"

"Wana mashine, Bibi. Mchezaji anaingiza mkono, inaangalia mifupa hapa kwenye kiganja. Ikiwa imeshafunga, huyo ni mtu mzima, wanamrudisha kwao. Ikiwa bado, ni mtoto, anacheza."

"Mashine inamjua mtoto na mtu mzima?"

"Inajua, Bibi."

Hapo ndipo Mama aliposema. Hakuinua hata macho kwenye muhogo. "Ndiyo maana, mama, Bhoke hawezi kuingia saro hii. Akiingia ameshakuwa mtu mzima. Mashine itaona, watamfukuza."

Nakumbuka kisu kilivyosimama katikati ya ganda. Nakumbuka Mwalimu alivyokohoa. Bibi akamgeukia. "Ni kweli, mwalimu?"

Mwalimu Magesa akatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. "Mashine inaona mengi, Bibi," akasema.

Leo tunaweza kucheka. Lakini pale uani hakuna aliyeona ajabu. Sisi tulijua kabisa kwamba kinachomfanya mtu kuwa mkubwa ni saro, basi kama Wazungu wametengeneza mashine ya kumjua mkubwa, itaona nini kingine? Mimi niliamini. Bibi aliamini, tena niliona heshima kidogo usoni mwake, kwamba kumbe huko nako watu wana akili. Akavuta ugoro tena, akasema, "Basi. Mashine ikisema ni mtoto, mimi ni nani? Atasubiri saro ijayo. Lakini siku mashine ikisema amekomaa, Mama Bhoke, tusizungushane."

"Hatutazungushana, mama."

Jioni hiyo Mama alisonga ugali huku anaimba nyimbo za kanisani, sauti yote. Sikujua anamshukuru Mungu kwa lipi.

Bhoke akaondoka na njumu zake za mtumba, moja ina kamba nyekundu, nyingine ina kamba ya katani. Nikabaki na maringo. Shule nzima ilinikoma. Nikaanzisha mchezo, nikauita mashine. Watoto wanapanga mstari, mimi nimekaa juu ya tofali, kila mmoja ananipa mkono wake, nambana kiganja kwa kidole gumba na cha shahada, nafumba macho, nanguruma kidogo, kisha natoa majibu. "Mtoto!" Huyo anazomewa, anarudi nyuma. "Umekomaa!" Huyo anashangiliwa, anaruka juu. Kila mtu alitaka kukomaa. Walinihonga mapera ili wakomae. Hata nyumbani nilicheza na watoto wa jirani, na Bibi akiwa kwenye kigoda chake akatutazama, akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Miezi miwili ikapita, mvua za vuli zikiwa zimeshika, nikamwona Bhoke anateremka njia ya shule na begi lake, anachechemea. Mguu umefungwa bendeji. Alisema ameumia kifundo mazoezini, kocha amemwambia apumzike nyumbani. Mama akamkumbatia, na juu ya bega la Bhoke niliuona uso wa Mama umefanya vitu viwili kwa wakati mmoja, umefurahi na umeogopa. Bibi akachemsha maji ya chumvi, akamketisha, akaufungua mguu ule na kuukanda kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi na jioni, siku tatu. Alikuwa anampenda. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Siku ya tatu akasema, "Huu mguu hauna uvimbe," na Bhoke akasema uvimbe uko ndani.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na nyani hawalali. Kazi yetu mimi na Bhoke ilikuwa kulinda. Kila mmoja ana debe lake na fimbo yake, mimi upande wa mto, yeye upande wa pori, na tunapiga tangu umande mpaka jua la kuzama. Debe langu lilikuwa dogo, linalia juu; lake kubwa, linatoa sauti nzito. Nyumbani wanasikia yote mawili, wanajua watoto wapo kazini. Likinyamaza moja, Bibi anapaza sauti: "Nani amelala?"

Huko shambani Bhoke alifungua bendeji, akaiviringisha, akaiweka mfukoni. Akachukua hindi changa lililoangushwa na nyani, akalipiga danadana mara ishirini bila kudondosha. Mguu mzima kabisa.

"Dada! Umepona?"

"Sikuumia, Ghati." Akaketi. "Walitupeleka hospitali, wote. Unalala, mkono unaingia kwenye kitu kama pipa, kinapiga kelele. Wenzangu wamepita. Mimi wamesema mifupa imefunga. Imekomaa. Nimezidi miaka." Alitazama mikono yake kana kwamba imemwibia kitu. "Na mimi sijui kama nimezidi. Mama hajui. Labda nimezidi kweli. Daktari aliniambia hata nikibakiza miezi michache kufika kumi na saba inaweza kusema vile."

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona Bhoke analia, hata alipong'oka jino. "Usimwambie mtu. Ghati, umesikia? Mtu yeyote."

Nikaapa. Lakini nikuulize wewe: mtoto wa miaka kumi, ambaye kwa miezi miwili amekaa juu ya tofali akiwashangilia waliokomaa, angeelewa nini? Niliona dada yangu ana aibu ya kujisifu. Mashine ya Dar es Salaam, ya kweli, imembana mkono ikasema amekomaa, na yeye anaficha! Nikasema moyoni, kweli Bhoke ni mnyenyekevu.

Nilikaa na siri ile siku nne. Siku ya tano tulikuwa kisimani, mimi na Bibi na wanawake kama sita. Mke wa jirani, mwenye mdomo wake, akatua ndoo akasema, "Bibi Wankuru, yule mchezaji wenu vipi? Nasikia walimwona goigoi wakamrudisha. Tuliambiwa ndege, kumbe ndege wa porini." Wakacheka. Bibi akaendelea kuchota. Nilimwona shingo yake, ilivyoinama. Nikashindwa.

"Si goigoi!" nikapayuka. "Hata mguu hauumwi! Mashine ndiyo imesema amekomaa! Mifupa yake yote imekomaa! Wale wengine wote ni watoto, yeye tu ndiye mtu mzima!"

Bibi akaweka kata chini. Akanigeukia kwa upole, upole kabisa. "Rudia, mjukuu wangu."

Nikarudia, tena nikaongeza chumvi. Nikasema daktari mwenyewe alimpa mkono wa pongezi. Bibi akaingiza mkono kwenye fundo la kanga yake, akatoa kipande cha sukari guru alichokuwa amejiwekea, akanipa chote. Niliila njiani, ndoo kichwani, maji yananimwagikia mgongoni, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wa kwangu uliponza vichwa vingi.

Bibi hakugomba. Aliingia uani, akaketi kwenye kigoda, akawaita Mama na Bhoke. "Mama Bhoke, nani aliniambia mashine inamjua mtu mzima?"

Mama akamtazama Bhoke. Bhoke akanitazama mimi.

"Ni mimi, mama."

"Nani aliniambia kwamba imeshindikana kwa sababu mashine itaona? Nikanyamaza. Nikawaambia wazee wa mila, niacheni na mjukuu wangu, bado ni mtoto, imesemwa. Nikachekwa. Sasa mashine imesema amekomaa. Si mimi niliyesema. Ni mashine yenu."

Mama akapiga magoti. Namwona mpaka sasa, magoti kwenye maganda ya mihogo. "Nilidanganya, mama. Haioni mambo hayo. Inaona miaka tu. Nilidanganya ili asikatwe. Mimi mwenyewe unajua nilivyoteseka, unajua wale wawili waliofia tumboni na wakunga walichosema. Mama, nakuomba."

"Njia ya mwongo fupi," Bibi akasema. "Ulipodanganya nilikuamini. Leo unasema kweli, sasa nikuamini kwa nini?" Akanyanyuka, akaingia ndani, na tukasikia anaushusha mwavuli kutoka darini.

Bhoke hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinifuata nyuma ya choo, akauliza, "Ghati, umesema?"

"Nilikuwa nakusifia."

Akafumba macho. "Najua," akasema.

Siku mbili baadaye tulikwenda kulinda kama kawaida. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Bhoke alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na chini ya debe lake alificha njumu. Akaniita upande wa pori. "Mwalimu Magesa ananisubiri barabarani na pikipiki. Mugumu kuna nyumba wanamopokelewa wasichana waliokimbia. Mama anajua. Wewe fanya kitu kimoja tu. Piga yote mawili."

Hakuniambia zaidi. Hakuhitaji. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa kama alivyokuwa akifanya akifunga goli, akaingia kwenye mahindi. Niliona mbelewele zikitikisika, kisha hazikutikisika.

Nikapiga. Debe dogo kwa mkono wa kushoto, debe kubwa kwa mkono wa kulia. Ukidhani ni kazi rahisi, jaribu. Mikono inataka kwenda pamoja, na ikienda pamoja sauti ni moja, Bibi atajua ni mtu mmoja. Ilinibidi niwe watu wawili. Nilipiga tangu umande mpaka jua likawa kichwani, na mpaka likateremka. Sikula. Nilijikojolea nikiwa nimesimama. Kiganja kilivimba, nikaendelea, maana nilikuwa nimeharibu mimi na nilitaka nitengeneze mimi. Saa kumi hivi Bibi alipaza sauti kutoka nyumbani, "Leo mnafanya kazi vizuri, wanangu!" na mimi nikapiga kwa nguvu zaidi, machozi yanateremka.

Ilipojulikana jioni ile, Bhoke alikuwa ameshafika Mugumu. Mama akabeba mzigo wa nguo na unga, akaondoka kumfuata. Nyumbani tukabaki mimi na Bibi, na msimu ulikuwa umeshafunguliwa. Ngoma na filimbi zilikuwa zinapita barabarani kila siku. Ndugu wawili wa Baba wakaja, wanaume wakubwa, wakaketi uani na fimbo zao. Wakasema wanakwenda Mugumu kumrudisha Bhoke hata kwa kumfunga kamba, kwa sababu pombe imeshapikwa, mbuzi yupo, wazee wa mila wameshaambiwa jina, na nyumba haiwezi kutaja jina halafu isilete mtu. Ni mkosi. Bibi alikuwa amekaa, mwavuli mapajani, nailoni imeshaondolewa.

"Nani atatembea chini ya huu sasa?" akasema. Nadhani alijiuliza mwenyewe.

Nikasema, "Mimi."

Nimetafuta miaka yote hii kujua kwa nini nilisema. Sehemu moja nilitaka wale wanaume wasiende Mugumu, wasimfunge dada yangu kamba. Hiyo ni kweli. Lakini nitakuwa mwongo nisipotaja sehemu nyingine: mwavuli ulikuwa wazi, ule mwekundu, maua meupe pembeni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mimi pia naweza kukomaa.

Baba mdogo mmoja akasema, "Huyu ni mdogo mno." Nilikasirika naye! Bibi akanivuta karibu. Akauchukua mkono wangu, ule uliovimba kwa debe, akanibana kiganja kwa kidole gumba na cha shahada, kama nilivyokuwa nikifanya juu ya tofali. Akafumba macho. Hata kunguruma alinguruma. Nikacheka.

"Umekomaa, mjukuu wangu," akasema Bibi.

Yaliyofuata sitayaandika. Wenye kuyajua wanayajua, na wasioyajua nawaombea wasiyajue. Nitasema tu kwamba kanga ilikuwa ndefu kwangu, nilikuwa naikanyaga, na kwamba mwavuli ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana darini. Watu walipuliza filimbi mbele yangu, mke wa jirani naye akicheza, na mimi nilikuwa natafuta kwenye umati uso wa Mama.

Mama alirudi siku iliyofuata. Aliingia uani, akaniona nimelala kwenye ngozi kivulini, akaona na mwavuli umeegemezwa ukutani. Hakupiga kelele. Aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, mzigo bado kichwani, na akabaki nao kichwani mpaka jua likageuka. Tangu siku ile hakumsemesha Bibi neno ambalo si la lazima, mpaka tulipomzika Bibi. Na mimi sikuacha kumpenda Bibi, hilo nalo liwe wazi, ingawa nimejaribu.

Mashindano yakaanza nikiwa bado nimelala. Mama aliazima redio, akaiweka karibu na kichwa changu, akaninywesha uji. Ilikuwa mbali huko walikokuwa, sauti inakuja inapotea, mtangazaji anapiga kelele kama ameungua. Wasichana wetu walifungwa mechi ya kwanza. Ya pili wakatoka sare. Ya tatu wakafungwa tena, wakarudi nyumbani. Katika mechi ya pili mtangazaji alimtaja winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja, jina la mtoto wa watu nisiyemjua, amewapita wawili, amempita wa tatu, na Mama akaizima redio. Nikamwambia, "Mama, washa." Hakuwasha.

Bhoke alimalizia shule Mugumu. Leo anafundisha mpira, wasichana watupu, na mara mbili sasa wasichana wake wamechaguliwa timu ya taifa kwenda mashindano yaleyale. Siku ya kupimwa huwa anasimama nje ya mlango wa chumba cha mashine, na majibu yakitoka mtu wa kwanza anayempigia simu si mume wake, ni mimi. "Ghati, wote wamepita! Wote ni watoto!" Nami napiga vigelegele huku Sirari mpaka wateja wangu wa vitenge wananishangaa.

Jioni ile niliyotoka hospitali, mkono umetundikwa kwa kitambaa shingoni, nilimpigia mimi. Nikamwambia habari za bodaboda, akacheka, akanipa pole. Nikamwambia nilivyolia mbele ya kijana wa watu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Alinibana kiganja, akasema mifupa imekomaa."

Nilisikia filimbi upande wake na wasichana wanaitana uwanjani. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya mashine: "Ulikuwa na miaka kumi, Ghati."

Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamwomba arudie.